Chupa Isiyotikiswa

Maneno yenyewe niliyasikia kwenye ngazi za bwawa, nikiwa nimechuchumaa nasugua masufuria kwa majivu. Torubala, jirani yetu wa ukuta wa pili, alikuwa anakamua nywele zake.

"Mmesikia ya mtaa wa wafua shaba?" akauliza.

"Yepi tena?"

"Yule mtoto wa Khirode, yule mvulana mnene. Kesho yake alikuwa alishwe wali wa kwanza, wapishi wameshachimba meko. Kalala mchana, hakuamka."

"Homa?"

"Homa wapi! Kalala tu, kama tunavyolala mimi na wewe. Ila ana bahati mtoto yule. Chupa yake ya dawa, ile Sudha, iliisha asubuhi hiyo hiyo, akanyweshwa mpaka maji ya miguu. Kaondoka na Mama Annapurna tumboni. Wangapi wanapata hivyo?"

Wanawake wote pale ngazini wakagusa paji la uso. Mmoja akasema ni kijicho, mtoto mnene hivyo hatolewi nje bila doa jeusi shavuni. Mwingine akasema marehemu bibi yake alimpenda mno, kaja kumchukua. Wakaendelea na mengine. Mimi nikarudi nyumbani na masufuria yangu, nusu yake hayajasuguliwa.

Sikusumbuliwa na kijicho wala na huyo bibi. Lililoning'ang'ania ni lile ambalo Torubala alilisema kwa kufariji, kwamba chupa iliisha asubuhi ile. Maana na yetu ilikuwa inaelekea kuisha.

Binti yangu tulimwita Buri, yaani kizee, kwa sababu alizaliwa na uso wa makunyanzi kama mtu aliyekwisha kuona mengi. Alikuwa bado hana jina jingine. Jina angepewa siku ya kulishwa wali, mwezi wake wa saba. Meno yalikuwa yanamtoka, tumbo linamsokota, analia mpaka anabadilika rangi. Kabla yake nilikuwa nimemzika mmoja, kwa hiyo kila kilio chake nilikisikia mifupani.

Ndipo mama mkwe akaleta Sudha.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa Sudha ilikuwa nini. Sisi watu wa Meherpur tuliipenda kama ndugu. Ilitoka Kolkata kwa treni mpaka Chuaranga, halafu kwa gari la ng'ombe, na siku gari linapoingia sokoni watu walikuwa wanalisubiri. Muuzaji alikuwa na kinanda cha mkono, anaimba sifa za dawa, na watoto wanarudia kiitikio njia nzima. Ilikuwepo Sudha ya watoto, ya waliojifungua, ya wanaume waliochoka, ya magoti, ya homa ya bandama. Ukifungua kitabu cha siku njema na mbaya, kabla hujaifikia siku unayoitafuta unapita kurasa za Sudha, na barua za mahakimu na wenye mashamba wakishukuru kwamba sasa wanalala na wanakula.

Wala tusijifanye leo kwamba tulikuwa wajinga. Hospitali ya serikali ilikuwa na daktari mmoja aliyemfokea kila mwanamke aliyeingia na ushungi. Dawa zake zilinuka vileo, na mama mkwe asingekubali kitu hicho kivuke kizingiti. Ilikuwa miaka ile ya kususia nguo za Waingereza, tunachoma viwanjani sari nzuri nzuri. Sasa hapa ilikuwepo dawa ya mitishamba, ya mizizi tuliyoijua kwa majina, imetengenezwa na watu wetu, imefungwa vizuri kwa kizibo na lakiri kama ya wazungu. Nani angekataa? Baba yake Buri, ambaye jina lake sitalitaja hata kwa wino, maana kwetu mke hatamki jina la mumewe, alikuwa karani mahakamani, na alikunywa ile ya wanaume kila jioni akiwa amesimama wima kama anaapishwa.

"Inakusaidia?" dada yake alimuuliza siku moja. Huyu ndiye wifi yangu Mokkhada, mjane tangu utotoni, mwenye ulimi ulionolewa.

"Sana. Nasikia nguvu."

"Hebu basi kachote maji bwawani, tuione."

Na kweli, Sudha ilimfaa Buri. Sitaficha hilo. Alikunywa, akanyamaza, akalala, akaamka anacheka. Nami nikapata kulala. Mama mkwe alinitazama kwa macho ya aliyeshinda, na mimi nikagusa miguu yake kwa shukrani.

Sasa, kwenye karatasi ya chupa ya watoto palikuwa na picha ya Mama Annapurna. Ameketi kwenye kiti cha enzi, bakuli la wali mkononi, uso mtamu, miguu yake ikiwa chini kabisa, pale karatasi inapoishia. Ni yule yule mama wa chakula anayeombwa mtoto anapolishwa wali. Mwenye kiwanda alijua anafanya nini. Nani atatupa jalalani chupa yenye Annapurna? Kwa hiyo chupa zilizoisha zilipanda chumba cha ibada, zikakaa mstari mmoja na miungu ya shaba, na kila asubuhi kila moja iliwekewa ua.

Pembeni ya picha palikuwa na maandishi: Tikisa vizuri kabla ya kumpa mtoto. Nilisoma shule ya wasichana mpaka nilipoolewa, nikayasoma kwa sauti siku ya kwanza kabisa.

Mama mkwe akanikazia macho. "Nimtikise nani?"

"Chupa, mama. Imeandikwa."

"Nimtikise Mama Annapurna, kichwa chini miguu juu, kama pilipili kwenye kopo? Hiyo wamewaandikia Wakristo, mwanangu."

Wala hakuwa peke yake. Mtaa mzima hapakuwa na mwanamke aliyeitikisa chupa ile. Tuliibeba kwa mikono miwili. Mama mkwe aliiinamisha polepole, picha ikitazama juu, akamimina kwenye kijiko cha fedha chenye umbo la kome, kisha akairudisha rafuni bila hata kuigonga. Na inapofika mwisho, yale yaliyobaki chini, pale usawa wa miguu ya picha, hayakuwa tena dawa. Hayo yalikuwa maji ya miguu. Kama vile hekaluni tunavyopokea kwenye kiganja maji yaliyoosha miguu ya mungu, tunayanywa, halafu tunapangusa mkono kichwani. Chupa ilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, na tone la mwisho akapewa mtoto. Kuyaacha ilikuwa dhambi, na kuyamwaga hakuna aliyethubutu hata kuyawaza.

Tangu siku ile ya bwawani nikaanza kuitazama chupa yetu. Nilipoishika kwenye mwanga wa mlango, nikaona juu dawa ni nyepesi kama chai, na chini limelala tope jeusi, zito, halisogei. Nikamtazama na mtoto. Usingizi wake ulikuwa umebadilika. Mwanzoni ukimpapasa unyayo alikuwa anaukunja. Sasa hakukunja. Alikuwa hataki ziwa mpaka nimlowanishe mdomo. Na macho yake, alipoyafungua, mboni zilikuwa ndogo kama punje za haradali, ingawa chumba kilikuwa na giza.

Macho hayo niliyajua. Yalikuwa ya babu mzaa mama. Kila alasiri babu alifungua kibweta chake, akatoa kidonge cha afyuni, akakimeza kwa maziwa, kisha akaketi anatabasamu na mboni zake za haradali hadi magharibi. Sisi watoto tulikuwa tunamwekea majani kichwani asijue.

Mama mkwe alipokuwa bwawani nikaivuta chupa, nikafungua kizibo, nikanusa. Juu, iliki na shamari. Nikaiacha pua pale pale. Chini ya shamari, mbali, kilikuwepo kibweta cha babu.

Nilianza na mume wangu.

"Nani kakwambia?" akauliza. "Huyo daktari wa serikali?"

"Hakuna. Nimenusa."

"Waingereza wanasema hivyo hivyo kwa kila kitu chetu. Chumvi yetu chafu, kitambaa chetu kizito, dawa yetu sumu. Halafu mke wangu mwenyewe anawasaidia."

"Mtoto hakunji unyayo."

"Amestarehe." Akavaa viatu vyake vya mahakamani akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa na mambo machache sana ya kujivunia, na chupa ile ilikuwa mojawapo.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anachambua mchele wa sherehe, Mokkhada kando yake.

"Mama, ile Sudha inanuka afyuni. Kama ya babu yangu. Na mboni za Buri zimekuwa haradali, kama zake."

"Babu yako alikufa na miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

"Basi!" Akarudi kwenye mchele wake. Halafu akainua uso, na sauti yake ikawa ya chini. "Mimi nimezika watano, mwanangu. Wote walikuwa wanalia. Huyu halii. Unataka nimfanye alie?"

Hata leo, nikimkumbuka, ni sauti hiyo inayonijia, siyo zile nyingine. Hakuwa akimpenda Buri chini ya nilivyompenda mimi.

"Chupa imebakia kidogo," akasema. "Keshokutwa wageni watajaa, moshi, kelele, kaka yako anakuja kumlisha. Asubuhi nitampa maji ya miguu, atulie kwenye paja la mjomba wake kama binti wa mfalme. Wali wa kwanza na baraka ya Annapurna siku moja. Nani anapata hivyo?"

Wangapi wanapata hivyo, alisema Torubala.

Nilifikiria kuivunja. Lakini chupa ya Annapurna kupasuka mikononi mwa mama wa mtoto, siku ya wali! Wangemtoa Buri mikononi mwangu kabla vigae havijaokotwa, na sokoni chupa nyingine ilikuwepo. Nilifikiria kuyamwaga kwa siri na kuweka maji ya shamari. Lakini chumba cha ibada ufunguo wake ulining'inia kwenye ncha ya sari ya mama mkwe, na sasa alikuwa ameihamishia humo. Nilifikiria kukimbilia kwetu na mtoto. Kaka yangu mwenyewe ndiye alikuwa njiani anakuja.

Asubuhi ya sherehe ua ulikuwa umejaa. Wapishi wanapigiana kelele, wanawake wanachora sakafu kwa unga wa mchele, kaka yangu Shoshi amefika na kofia ya maua ya mtoto kwenye kikapu. Buri nilikuwa nimemwogesha kwa manjano, nimemvika sari nyekundu ndogo kama leso. Siku mbili hizo nilikuwa nimemlaza mwenyewe kifuani, nikisema ana homa kidogo, asipewe dawa akiwa na homa, na alikuwa ameanza kuwa mkali tena. Alilia. Nilikifurahia kilio kile kama zumari.

Mama mkwe akatoka chumba cha ibada, chupa mikononi. Alikuwa ameshaisuuza kwa maji ya uvuguvugu. Hakuitikisa, aliyazungusha tu taratibu, na tope lote lilikuwa limeyeyuka likawa jeusi kama wino. Akaketi. Akaniambia, "Mlete."

Wanawake wakapisha. Kijiko cha kome kikawa tayari.

Nikampa Mokkhada mtoto. Nikavuta ushungi mpaka puani, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikanyoosha kiganja cha kulia, kushoto kikiwa chini yake, kama tunavyofanya hekaluni.

"Mama, nipe mimi maji ya miguu."

Akashangaa. "Ni ya mtoto."

"Mtoto ana baraka tumboni tayari. Mimi niliyemzaa sijapata hata tone. Nipe, mama."

Kila mwanamke pale alijua kama mimi: maji ya miguu hayanyimwi mtu aliyenyoosha kiganja. Si mgeni, si adui, si mtu wa tabaka lolote. Mama mkwe alijua kuliko wote.

"Kidogo basi," akasema, akanimiminia. Nikanywa. Uchungu ulinikunja ulimi, na kibweta cha babu kikafunguka kichwani mwangu. Nikapangusa mkono kichwani, nikanyoosha tena.

"Tena?"

"Tena, mama."

Mwanamke mmoja akacheka. "Mkaza mwana wako mcha Mungu kweli!"

"Au mlafi," akasema mwingine.

Akanimiminia. Nikanyoosha tena. Mara ya tatu macho yake yaliyakuta yangu chini ya ushungi, na nadhani hapo alielewa kwamba sikuwa nikiomba baraka. Angeweza kusimama. Lakini wageni walikuwa wanatazama, na kiganja kilikuwa kimenyooshwa. Chupa ikaisha mkononi mwangu.

Kulishwa wali kwa binti yangu sikukuona. Hilo naliandika bila kupamba. Nakumbuka nimeegemea nguzo ya baraza, sauti za wapishi zikawa za watu walio chini ya maji, miguu yangu ikawa ya joto na mbali. Yaliyofuata niliambiwa.

Niliambiwa Buri alipiga kelele mpaka kofia nzima ya maua ikamshukia machoni. Shoshi alipomtia wali wa maziwa mdomoni alimng'ata kidole. Walipomwekea sinia achague cha kumtabiria maisha, kalamu, kitabu, kipande cha fedha, bonge la udongo, alichukua udongo akautia mdomoni. Aliitwa Bibhaboti. Kila aliyekuwepo alisema hajawahi kuona mtoto mkorofi hivyo siku ya wali, na Torubala alisema siku njema ilikosewa kusomwa.

Kisha Shoshi alinitafuta ili nimbariki mtoto, wakanikuta pale nguzoni. Aliyeng'amua kwanza ni Mokkhada. Alinifungua jicho kwa dole gumba, akatazama, akaita, "Mama! Njoo uone haradali." Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amenisikiliza siku ile ya mchele.

Walinitembeza uani huku na huku, mmoja kila kwapa. Walinitapisha kwa maji ya chumvi. Shoshi alimwendea daktari mfokaji kwa miguu, na daktari akaja, akafoka, akaninywesha kahawa nyeusi. Mama mkwe aliivusha mwenyewe kizingitini. Mokkhada alinichapa makofi mashavuni kila nilipofumba macho.

Nilipopata akili, siku ya pili yake, alikuwa bado ameketi kando yangu. "Usinishukuru," akasema. "Nimekuchapa makofi yote niliyokuwa nimekuwekea tangu uolewe. Yameisha, sasa tuanze upya."

"Buri?"

"Analia. Husikii?"

Nilisikia.

Mama mkwe hakuniomba radhi, wala mimi sikungoja. Mama mkwe hamwombi radhi mke wa mwanawe. Lakini alasiri ile nilimwona kupitia mlango wa chumba cha ibada. Alikuwa amezipanga chupa zote kwenye sinia la shaba, ameziloweka, na anabandua karatasi moja moja kwa ukucha, polepole, asimchane Annapurna. Alipomaliza alizikunja picha kwenye jani la mgomba, akashuka nazo bwawani, akaziachia majini kama tunavyozamisha sanamu sikukuu ikiisha. Alilia alivyokuwa anaziachia. Chupa tupu alizigonga jiweni nyuma ya zizi, zikavunjika kama chupa nyingine yoyote.

Aliporudi alisimama mlangoni kwangu. "Yeye hana kosa," akasema. "Waliomkalisha pale juu ya kitu kile ndio wenye kosa." Akapangusa mikono kwenye sari. "Na yule mvulana wa wafua shaba alikuwa mnene kweli."

Hatukulizungumza tena. Na msidhani nyumba yetu iliachana na chupa. Baada ya muda magoti yalimsumbua, akanunua dawa ya kampuni nyingine, yenye picha ya chui. Nilimkuta anaitikisa kwa nguvu zake zote, bangili zinalia.

"Chui huyu," akasema, "mtikise utakavyo."

Bibhaboti sasa yuko kwake, na mwezi ujao anatarajia kujifungua. Juzi alinionyesha kitu alicholetewa na mkwewe. Chupa nzuri, kioo cha bluu, na juu yake Krishna mchanga anakula siagi. Ndiyo maana nimeketi nikaandika. Kwake, na kwa yeyote anayejua kusoma awasomee wasiojua, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimpe mtoto dawa ambayo hakuna anayeweza kukutajia kila kilichomo.

Usiiamini kwa sababu ina picha ya mungu, wala kwa sababu ni ya nchi yetu, wala kwa sababu hakimu kaandika barua.

Kama imeandikwa itikiswe na huwezi kuitikisa kwa heshima, basi usiinunue.

Usimpe mtu yeyote masalia ya chini ya chupa. Maji ya miguu yanatoka hekaluni, hayatoki dukani.

Usifurahie mtoto asiyelia mpaka umempapasa unyayo na kumtazama mboni.

Usimpe mtoto dawa ili apendeze mbele ya wageni.

Usimdharau mama mkwe wako. Muulize amezika wangapi, kisha zungumza naye.

Na usinywe wewe badala ya mtoto. Mimi niliamka. Huenda wewe usiamke.